Urefu wa Kamba

Kijiwe chetu cha kahawa kina kanuni moja, aliileta Mwalimu alipostaafu: jambo likitaka kuwa ugomvi, ligeuzwe mdahalo. Hoja inasomwa, mtetezi na mpinzani wanapatikana, na anayesema hakatizwi mpaka kikombe chake kiishe. Kanuni ya kikombe huvunjwa kila siku, lakini ipo.

Jumamosi iliyopita ugomvi ulitoka mbali. Mpwa wa muuza kahawa, aliyeendesha malori huko Ohio kwa miaka kumi na miwili na ambaye kijiweni jina lake ni Mmarekani, alisema kule wafungwa wanapungua. Afande, sajini mstaafu wa magereza, akapaliwa na kahawa. "Wanapungua? Marekani hiyohiyo?" Wakili, binti wa nyumba ya pili, alikuwa amefuata baba yake waende nyumbani. Badala ya kumwinua mzee, akaketi naye.

Mwalimu akaomba vikombe vigongwe, kisha akasoma hoja: kupungua kwa idadi ya watu wazima walio chini ya mkono wa magereza na mahakama Marekani ni ushindi wa haki. Wakili atetee, Afande apinge, Mmarekani awe shahidi. Mimi niliandika.

MWALIMU: Kabla hatujagombea idadi, tujue kinachohesabiwa. Wenzetu wale wana makapu manne. La kwanza ni mahabusu za kaunti, wanamokaa wanaosubiri kesi pamoja na wenye vifungo vifupi. La pili ni magereza yenyewe, ya majimbo na ya serikali kuu. La tatu ni uangalizi, ambao Wakenya wanauita probesheni: mtu ametiwa hatiani lakini anabaki uraiani, anaripoti kwa afisa na kufuata masharti. La nne ni parole: ametoka gerezani kabla ya kifungo kuisha, siku zilizobaki anazimalizia nje. Mkiyamwaga makapu yote pamoja, mwaka 1980 mnapata watu kama milioni 1.8. Mwaka 1990, zaidi ya milioni 4.3. Mwaka 2007, zaidi ya milioni 7.3, yaani mtu mzima 1 kati ya 31. Hicho ndicho kilele. Baada ya hapo ni mteremko: mwishoni mwa 2021 walikuwa takriban milioni 5.4, mtu 1 kati ya 48. Wakili, kikombe chako hicho.

WAKILI: Ahsante, Mwenyekiti. Shikamooni wazee wangu. Mlima ule haukupandwa na wahalifu peke yao, ulijengwa na watunga sheria. Mwaka 1973 jimbo la New York, wakati wa Gavana Nelson Rockefeller, liliweka vifungo virefu vya lazima kwa makosa ya dawa za kulevya. Mwaka 1986 Bunge lao likaamua kwamba gramu 5 za kokeini ya vijiwe zimpe mtu kifungo kilekile cha chini, miaka 5, kinachompata aliyekamatwa na gramu 500 za kokeini ya unga. Ni dawa ileile. Ila ya vijiwe iliwakamatisha zaidi masikini weusi wa mijini. Mwaka 1994 California ikaja na sheria ya makosa matatu: kosa la tatu, miaka 25 hadi maisha. Hesabu ya Mwalimu ilipanda kwa sababu hizo.

Na kilichojengwa kwa sheria kimeanza kubomolewa kwa sheria. Texas, jimbo ambalo hakuna anayelisifu kwa upole, mwaka 2007 liliambiwa lijiandae kutafuta vitanda vipya kama 17,000 vya wafungwa. Likakataa kujenga, likatoa dola milioni 241 kwa tiba ya ulevi na dawa za kulevya, na kwa huduma za kuwapokea wanaotoka. Mwaka 2011 likafunga gereza. Mwaka 2010 ile gramu 1 kwa 100 ikashushwa kuwa 1 kwa 18. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaiambia California kwamba magereza yaliyojengewa watu 80,000 hivi hayawezi kubeba karibu mara mbili yake huku wagonjwa wakifa kwa kukosa matibabu. Hii haikuja kwa bahati. Watu waliamua. Kama huo si ushindi wa haki, wazee wangu, mtuambie ushindi unafananaje.

AFANDE: Marahaba, mwanangu. Umesema vizuri, ndiyo maana nina wasiwasi. Mimi nimelinda geti. Mlinda geti hahesabu waliomo ndani, anahesabu wanaoingia na wanaotoka. Mwenyekiti, mwaka wa korona magereza yao yalikuwaje?

MWALIMU: Mwishoni mwa 2019, watu milioni 1.43. Mwishoni mwa 2020, milioni 1.22.

AFANDE: Na walioingizwa mwaka huo?

MWALIMU: Walipungua kwa asilimia 40.

AFANDE: Na walioachiwa?

MWALIMU: Nao walipungua. Kama asilimia 10.

AFANDE: Mmesikia! Mngeniambia habari ya huruma kama geti la kutokea lingefunguliwa likawa wazi. Kumbe hata hilo lilibana. Mahakama zilifungwa, kesi zikalala, kaunti zikakatazwa kupeleka watu gerezani, basi ndani kukapungua. Ule haukuwa moyo wa haki, ilikuwa barakoa. Na barakoa ilipovuliwa?

MWALIMU: 2022, milioni 1.23. 2023, milioni 1.25.

AFANDE: Wanapanda tena. Sijamaliza kikombe. Mwaka huohuo wa 2020 mauaji nchini mwao yaliongezeka kwa karibu asilimia 30. Nani aliyetetea hoja atamwambia mama aliyezika kwamba haki imeshinda?

WAKILI: Hapo, Afande, umechanganya saa mbili tofauti. Mteremko ulianza 2008, korona ikaja 2020. Katikati hapo zaidi ya miaka kumi imepita. Kufika mwisho wa 2019 jumla ilikuwa imeshashuka kwa karibu watu milioni nzima, na katika miaka hiyohiyo uhalifu kwa ujumla ulikuwa unashuka pia, kama ulivyokuwa ukishuka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kama kuwaachia watu ndiko kunakoleta mauaji, kwa nini miaka ile haikuyaleta? Na mwaka 2023, mauaji yalipopungua kwa zaidi ya asilimia 10, jumla ilikuwa bado chini sana kuliko ya 2007.

AFANDE: Sawa, saa ni mbili. Lakini kubali kwamba nusu ya ushindi wako imeletwa na ugonjwa.

WAKILI: Sehemu kubwa nakubali. Nami nakuuliza: katikati ya 2020 mahabusu za kaunti zilikuwa na watu 549,000, robo pungufu ya mwaka mmoja kabla. Kama robo nzima iliweza kukaa nyumbani kwao, walikuwa wamefungiwa nini?

Afande hakujibu. Aliomba kashata. Mmarekani, ambaye muda wote alikuwa akichezea sahani ya tende, akainua mkono kama mwanafunzi.

MMAREKANI: Samahani wazee. Mnagombania magereza, ilhali wengi wao hawamo magerezani.

MWALIMU: Kweli. Katika wale milioni 5.4 wa 2021, kama milioni 3.7 walikuwa uraiani: karibu milioni 3 katika kapu la uangalizi, na kama laki 8 katika parole.

MMAREKANI: Basi niwaeleze wa nje wanaishije. Ghalani tulipokuwa tunapakia mizigo kulikuwa na kijana, kosa lake dogo, hakimu hakumfunga. Alipewa uangalizi wa miaka mitano. Sisi wageni tulimwona mwenye bahati. Kila wiki mbili anaripoti ofisini, mji wa pili, saa nne asubuhi, na leseni ya gari amenyang'anywa. Anapimwa mkojo. Haruhusiwi kutoka nje ya jimbo bila kibali, na kazi yetu ni ya malori. Haruhusiwi kukaa na mwenye rekodi ya jinai, na kaka yake ana rekodi. Halafu kila mwezi analipa ada ya kusimamiwa.

AFANDE: Analipa nani?

MMAREKANI: Yeye.

AFANDE: Anamlipa anayemchunga?

MMAREKANI: Ndiyo, Afande. Siku moja akaniambia: heri wangenipa miezi sita ndani nikamaliza. Nilidhani anatania.

WAKILI: Hatanii. Georgia wamefika mbali zaidi, kule uangalizi wa makosa madogo umekuwa ukisimamiwa na kampuni binafsi zinazoishi kwa ada hizo. Na ripoti ya taasisi ya utafiti ya Pew ya mwaka 2009 ilikuta mtu mzima 1 kati ya 13 wa jimbo hilo yuko chini ya mkono wa sheria. Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1983, katika kesi iliyotoka Georgia hiyohiyo, kwamba mtu asipelekwe jela kwa kushindwa kulipa kabla ya kuchunguza kama kweli hana. Kusema wamesema, utekelezaji ni habari nyingine.

AFANDE: Ngojeni. Mimi ndiye mpinzani hapa, na sasa naona mtetezi ananisaidia. Lakini nitetee masharti kidogo. Masharti yasiyo na adhabu ni ushauri tu. Mtu aliyepiga mke, ukamwambia usisogee mlango wake, akasogea, ufanyeje? Umwandikie barua?

WAKILI: Huyo mkamate. Siongelei aliyemrudia mke kwa rungu. Namwongelea aliyechelewa basi.

MMAREKANI: Kama Meek Mill.

BABA WA WAKILI: Huyo nani tena?

MMAREKANI: Mwanamuziki, mzee wangu, wa Philadelphia. Alikamatwa 2007 akiwa na miaka 19, kesi ya bunduki na dawa za kulevya, akatiwa hatiani 2008. Alitumikia kifungo kifupi, akaanza uangalizi. Kila alipokaribia mwisho, kuna sharti limevunjwa, muda unaongezwa. Kusafiri bila kibali, vipimo, mambo kama hayo. Mwaka 2017 aliinua pikipiki kwa tairi moja mtaani New York. Kesi yenyewe ya pikipiki ikafutwa, lakini hakimu wa uangalizi akampa miaka miwili hadi minne jela. Miezi mitano baadaye akatolewa, na 2019 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu ya mwanzo kabisa. Miaka kumi na zaidi, mzee, kwa hukumu ambayo mwisho wake haikusimama. Huyo ana mawakili na mashabiki. Yule wa ghalani kwetu ana nani?

MWALIMU: Hapa ndipo hesabu inapopendeza, kama neno kupendeza linafaa. Utafiti mmoja mkubwa wa 2019 ulikuta kwamba kati ya wanaoingizwa magereza ya majimbo, asilimia 45 walitoka kwenye uangalizi au parole baada ya kuvunja masharti au kutenda kosa jipya. Na kama robo ya wote walioingia hawakuwa na kosa jipya hata moja: walikosa miadi, walifeli kipimo, walivunja saa ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo kapu la tatu si mlango wa kutokea gerezani. Kwa wengi ni foleni ya kuingilia.

AFANDE: Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

MWALIMU: Naam, Afande. Ila hapa kamba ndefu haimpi mbuzi majani zaidi. Kadiri ilivyo ndefu ndivyo atakavyojinyonga nayo. Mtu wa miezi sita ana nafasi chache za kukosea. Wa miaka kumi hana budi kukosea siku moja, kwa sababu ni binadamu. Sasa nipeni daftari. Kutoka 2007 hadi 2021 jumla ilipungua kwa kama milioni 1.9. Katika hao, kama milioni 1.3 wametoka kapu la uangalizi. Yaani theluthi mbili ya mteremko wote ni kamba zilizokatwa au ambazo hazikufungwa kabisa. Parole haikusogea sana, ilikuwa kama laki 8 na mwaka 2021 ilikuwa bado kama laki 8.

WAKILI: Ndiyo sababu sitaki kuinamisha kichwa. Kapu la tatu limepungua kwa sababu zinazoeleweka: polisi wanakamata watu wachache kuliko zamani, majimbo mengi tangu Colorado na Washington mwaka 2012 yamehalalisha bangi, na mengine yamefupisha muda. California, tangu Januari 2021, uangalizi wa makosa mengi madogo hauzidi mwaka mmoja, na wa makosa mengi makubwa hauzidi miwili. Yule kijana wa ghalani angekuwa California leo, miaka yake mitano isingekuwapo.

AFANDE: Na nani anapunguziwa? Kupungua kwa jumla hakusemi kumepungua kwa nani.

WAKILI: Swali la haki hilo. Kilele kilipofika, ripoti ileile ya Pew ilionyesha kwamba Mmarekani mweusi mzima 1 kati ya 11 alikuwa chini ya mkono wa sheria. Mweupe, 1 kati ya 45. Pengo limepungua tangu hapo, hasa magerezani, lakini halijazibwa.

AFANDE: Na kuna wasiohesabiwa. Watoto hawamo, kwa kuwa hesabu ni ya watu wazima. Na wageni wanaoshikiliwa katika vituo vya uhamiaji?

MWALIMU: Vituo vya uhamiaji vyenyewe havimo katika makapu manne.

AFANDE: Basi. Kapu la tano lipo, ila halina jina.

Muuza kahawa, ambaye kwa kawaida haongei siku ya mdahalo, akajaza vikombe, akauliza swali ambalo nadhani kila mmoja alikuwa nalo: "Yote hayo ya kwao. Sisi yanatuhusu nini?"

WAKILI: Yanatuhusu kwa sababu tumepanda basi lilelile. Uangalizi kwetu uliletwa na sheria za kikoloni za miaka ya 1940, kisha tukajiongezea wenyewe: Kenya ina sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998, sisi Tanzania tangu 2002, na Bodi za Parole zina sheria yake tangu 1994. Kila anayelalamikia msongamano magerezani anapendekeza kifungo cha nje. Mimi mwenyewe naomba hivyo mahakamani kila mara, na nitaendelea kuomba.

AFANDE: Sisi tulizoea msamaha. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Msamaha una kasoro zake, unategemea sikukuu. Lakini una uzuri mmoja ambao nimeuona leo: aliyesamehewa amesamehewa. Hakuna anayemfuata na kamba.

MWALIMU: Muda umekwisha. Anayeunga mkono hoja ainue kikombe.

Viliinuliwa vikombe vinne. Waliopinga walikuwa watatu, na Afande hakuwa miongoni mwao: alikishika kikombe chake katikati, si juu si chini, akasema kwamba geti analijua ila kamba hakuwahi kuifikiria. Mwalimu akamwandika kuwa amejizuia. Wakili akamwinua baba yake, wakaenda.

Mwandishi wa kumbukumbu haruhusiwi kupiga kura, lakini ukurasa ni wangu, kwa hiyo nitatoa hukumu yangu. Hoja imeshinda kwa shida, na ilistahili kushinda kwa shida. Watu karibu milioni mbili kuondoka kwenye daftari la serikali si jambo dogo, na Texas imetufundisha kwamba hata anayejiona mkali anaweza kusoma hesabu akabadili nia. Lakini Afande alikuwa na haki ya kuuliza kuhusu geti. Idadi inayoshuka kwa sababu mahakama zimefungwa hupanda tena zikifunguliwa. Idadi inayoshuka kwa sababu kamba imefupishwa hukaa ilipo, kwa kuwa aliyemaliza muda wake hana sharti la kuvunja.

Kwa hiyo tunapozidisha vifungo vya nje hapa kwetu, kama tunavyopaswa, ninaomba jambo moja kwa watunga sheria na mahakimu: kila kifungo cha nje kiwe na tarehe ya mwisho iliyo karibu, isiyosogezwa ila kwa kosa jipya lililothibitishwa, na asitozwe senti mtu anayesimamiwa. Hilo si wazo geni. Ndivyo jambo hili lilivyozaliwa.

Agosti 1841, katika mahakama ya polisi mjini Boston, fundi viatu aitwaye John Augustus alimwona mlevi aliyevaa matambara akingoja kupelekwa jela. Alizungumza naye, akaamini bado anaokoleka, akamwekea dhamana kwa fedha yake mwenyewe. Mpaka Augustus alipofariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000, na Massachusetts ikaja kuigeuza kazi yake kuwa sheria mwaka 1878. Yule mlevi wa kwanza alirudi mbele ya hakimu akiwa amenyooka, hanywi, hata waliomfahamu hawakumtambua. Hakimu akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi, akamwacha aende zake.

Uangalizi wa kwanza kabisa ulidumu wiki tatu.